Mikono ya Kutwanga: Historia ya Kiazi Kikuu Afrika Magharibi

Katika nchi ya Ekiti, kusini-magharibi mwa Nigeria, mgeni wa heshima hupikiwa kiazi kikuu cha kutwanga. Viazi humenywa, hukatwa vipande vinene, huchemshwa mpaka viive kabisa, kisha hutiwa kinuni vingali vinafuka mvuke. Hapo ndipo kazi huanza. Watu wawili au watatu husimama kukizunguka kinu, kila mmoja na mchi wake, wakipokezana mapigo bila kugongana. Mwanzoni vipande hupasuka na kuwa chenga. Baadaye chenga hushikana, hunyunyiziwa maji ya moto kidogo, na mwishowe hutoka donge jeupe, laini, linalovutika, lisilo na hata kidonge kimoja ndani yake. Wayoruba huliita iyan. Mlaji humega tonge kwa mkono wa kulia, hulichovya katika mchuzi wa mbegu za egusi au wa majani, akameza bila kutafuna sana. Kwa aliyekulia kwenye ugali, iyan ataiona kama ndugu wa ugali aliyelelewa kwa gharama kubwa zaidi.

Gharama hiyo ni mikono. Kiazi kikuu hudai mikono shambani, ambako kila mbegu huinuliwa tuta lake na kila mtambaa hutafutiwa mti wa kupandia. Hudai mikono ghalani, ambako viazi hufungwa kimoja kimoja kwenye nguzo ili vipate hewa visioze. Na vikishavuka yote hayo, hudai mikono tena kinuni. Ukitaka kujua kwa nini chakula kilichokuwa cha kila jioni kimekuwa, kwa familia nyingi za leo, chakula cha Jumapili na harusi, tafuta mikono hiyo ilikwenda wapi.

Kabla ya chuma

Mihogo na mahindi vilitoka Amerika, lakini kiazi kikuu cheupe, kile ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Dioscorea rotundata, ni mzaliwa wa Afrika Magharibi. Historia yake ya mwanzo ni ngumu kuifuatilia kwa sababu kiazi huoza chote. Hakiachi punje zilizoungua kama zile za mtama ambazo waakiolojia huziokota majivuni. Kwa hiyo jibu limetafutwa ndani ya vinasaba. Mwaka 2019 Nora Scarcelli na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia asili ya kiazi hiki hadi kwenye bonde la mto Niger, kati ya mashariki ya Ghana na magharibi ya Nigeria, na kumtaja mzazi wake kuwa kiazi pori cha msituni. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakasema kuna mzazi wa pili, kiazi pori cha mbugani. Hoja hiyo bado ina pande mbili, lakini zote zinatupeleka mahali pamoja: kwenye mpaka wa msitu na mbuga, panapokuwa na kiangazi cha kweli. Kiazi kikuu ni akiba ambayo mmea hujiwekea ardhini ili upone kiangazi. Binadamu alijifunza kuila akiba hiyo, kisha akajifunza kuikuza.

Kazi ya kukifuga kiazi haikwisha zamani hizo. Kaskazini na katikati ya Benin wako wakulima ambao mpaka kizazi hiki huchimba kiazi pori, hukileta shambani, na kukipanda mwaka baada ya mwaka hadi kinapolainika na kunenepa. Yaani kilichofanyika maelfu ya miaka iliyopita bado unaweza kukitazama kikifanyika.

Mwingereza D. G. Coursey, aliyeandika kitabu kizima juu ya kiazi kikuu mwaka 1967, aliona dalili nyingine ya ukale huu. Katika sherehe nyingi za kiazi kipya ilikuwa mwiko kukigusa kiazi cha ibada kwa chuma. Coursey alihoji kwamba mwiko wa namna hiyo haungeweza kuzaliwa katika jamii iliyoanza kilimo ikiwa na majembe ya chuma mkononi. Ibada ilikuwepo kwanza, chuma kikaja baadaye. Hoja yake inanishawishi. Miko ya kidini hung'ang'ania vifaa vya mababu muda mrefu baada ya watu wa kawaida kuviacha.

Kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun za leo, wasemaji wa lugha za Kibantu walipoanza kusogea kusini na mashariki, viazi vikuu vilikuwa miongoni mwa mazao waliyoyajua. Hata hivyo kiazi kikuu ambacho watu wa Unguja, Pemba na mwambao wamekizoea kuchemsha au kupika kwa nazi ni cha ukoo mwingine. Asili yake ni Asia, na kilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi. Kina maji mengi zaidi, na ukikitwanga hakishikani vizuri. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kinu cha pwani yetu kuzoea nafaka na kisamvu, huku kinu cha Ekiti kikizoea viazi.

Mfalme wa mazao

Maandishi ya zamani juu ya chakula hiki ni machache, na moja yake limeandikwa na mtu ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri hadi Mali mwaka 1352. Huko, anasimulia, yeye na wenzake walikula uji mzito wa mzizi unaofanana na gimbi, ambao wenyeji waliupenda kuliko chakula kingine chochote. Walikuwa sita, wote waliugua, na mmoja akafa. Wanahistoria kadhaa wanadhani mzizi ule ulikuwa aina ya kiazi kikuu. Kama ndivyo, yawezekana haukuandaliwa sawasawa, kwa kuwa baadhi ya viazi vya jamii hii vina sumu mpaka vilowekwe na kuchemshwa vya kutosha.

Mashariki ya mto Niger, katika nchi ya Waigbo, kiazi kikuu kilikwishakuwa msingi wa mamlaka. Watu wa Nri wanasimulia kwamba zamani za njaa, mungu Chukwu alimwamuru mwasisi wao, Nri, amtoe kafara mwanawe wa kwanza wa kiume na binti yake wa kwanza. Kwenye kaburi la mvulana kikaota kiazi kikuu. Kwenye kaburi la msichana likaota gimbi. Ni hadithi nzito, na ilikuwa na kazi ya kufanya. Ilimpa mfalme-kuhani wa Nri haki ya kusema kwamba chakula cha nchi nzima kilinunuliwa kwa damu ya nyumba yake, hivyo jumuiya nyingine zikapaswa kumtambua. Pia iligawa shamba kwa jinsia: kiazi kikuu zao la mwanamume, gimbi zao la mwanamke. Mgawanyo huo utakuja kuamua mambo mazito karne nyingi baadaye.

Ghala la viazi, ambalo Waigbo huliita oba, lilikuwa mahali ambapo mali ya mtu ilionekana kwa macho. Nguzo zilipangwa safu kwa safu, na kila nguzo ilibeba viazi vilivyofungwa kuanzia chini hadi juu. Mkulima mkubwa alipewa cheo cha Eze Ji, mfalme wa viazi. Kuiba viazi vya mtu lilikuwa kosa lililohesabiwa karibu sawa na uuaji. Waliosoma riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo, watamkumbuka Okonkwo akienda kwa tajiri Nwakibie na mtungi wa tembo na jogoo kuomba mbegu. Hakuomba fedha wala ardhi. Mbegu ndiyo iliyokuwa mtaji.

Hapa lazima nieleze hesabu ya mbegu, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengi ya baadaye. Kiazi kikuu hakipandwi kwa punje wala kwa kipande cha shina kama muhogo. Hupandwa kwa kiazi chenyewe, kizima kikiwa kidogo au kipande kikiwa kikubwa. Kile unachopanda ndicho ambacho ungekila. Mkulima hutenga hadi theluthi ya mavuno yake kwa ajili ya msimu ujao, na kiazi kimoja huzaa mbegu chache tu. Familia iliyolazimika kula mbegu yake mwaka mmoja ilijikuta maskini kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kula kiazi kipya kabla ya sikukuu yake, ambayo Waigbo huiita Iri Ji na huifanya kuanzia Agosti. Kwanza Ahiajoku, mungu wa kiazi, apewe chake. Kisha mkubwa wa ukoo. Kisha wote, na vinu vikalia kijiji kizima. Mwiko huo ulilinda viazi visichimbuliwe kabla ya kukomaa. Upande wa Wayoruba, Orisa Oko, mlezi wa mashamba, alikuwa na nafasi kama hiyo.

Viazi katika matumbo ya merikebu, karne ya 17 hadi ya 19

Wazungu walipoanza kununua watu kwa wingi katika ghuba ya Biafra, walihitaji kuwalisha wakiwa njiani kuvuka Atlantiki. Jean Barbot, Mfaransa aliyefanya biashara hiyo mwishoni mwa karne ya 17, aliacha maelezo kwamba merikebu ya mateka 500 ilipaswa kubeba viazi vikuu zaidi ya 100,000. Akaongeza kwamba watu wa upande wa Calabar hawakustahimili chakula kingine. Mahindi, maharage na mihogo viliwasumbua tumboni.

Gawanya hesabu yake uone: viazi 200 kwa kila mtu aliyefungwa mnyororo. Nani aliyeviinulia matuta viazi hivyo? Ni vijiji vilevile, au majirani wao, ambavyo vijana wao walikuwa wanavukishwa bahari. Biashara ya watumwa iliipora Afrika Magharibi watu wa umri wa kulima na kutwanga, na papo hapo ikawatoza waliobaki kazi ya kuilisha safari yenyewe. Olaudah Equiano, aliyechapisha simulizi ya maisha yake London mwaka 1789, alitaja viazi vikuu miongoni mwa vyakula vya nyumbani kwao. Jamaika na visiwa jirani vilipokea mbegu zilizosalia merikebuni, na hadi leo kiazi kikuu ni zao kuu la mashamba ya Trelawny, Jamaika.

Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, bandari zilezile zikageukia mafuta ya mawese. Vijiji vya kusini vilijaa mawese na kupungukiwa na viazi, vikawa vinanunua kutoka kaskazini-mashariki, upande wa Abakaliki. Kwa mara ya kwanza jamii kubwa za Waigbo zilikula viazi ambavyo hazikuvilima.

Kumasi, Septemba 1817

Mwaka 1817 Mwingereza Thomas Edward Bowdich alifika Kumasi, makao makuu ya Waasante katika Ghana ya leo, na akaishuhudia sherehe ya kiazi. Kitabu chake cha mwaka 1819 kina picha kubwa ya kukunjwa inayoonyesha siku ya kwanza: miavuli ya machifu, ngoma, askari, dhahabu kila upande. Machifu wa majimbo yote walitakiwa kuhudhuria. Asiyefika alihesabiwa kuwa muasi.

Waasante walikuwa wameligeuza jambo la shambani kuwa chombo cha dola. Ikiwa hakuna anayeweza kula mavuno mapya kabla Asantehene, mfalme wao, hajayafungua, basi kila sufuria katika himaya inamsubiri yeye. Achebe alilirudia wazo hili kwa upande wa Waigbo katika Arrow of God ya mwaka 1964, ambako kuhani Ezeulu anakataa kuitangaza sikukuu ya kiazi kipya, viazi vinaozea ardhini, na watu wenye njaa wanakimbilia kanisani ambako wanaruhusiwa kuvuna.

Mwaka ambao muhogo ulishinda

Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Brazili tangu karne ya 16, lakini kwa muda mrefu wakulima wengi wa Niger ya chini waliudharau. Ulikuwa chakula cha wasio na uwezo. Mwanamume mwenye heshima hakuupa nafasi shambani mwake, akawaachia wanawake.

Septemba 1918 homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliingia bandari ya Lagos kwa meli kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Reli na mito vikaisambaza bara. Inakadiriwa watu 500,000 walikufa kati ya wakazi milioni 18 wa Nigeria, na waliokufa kwa wingi walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu. Angalia wakati wenyewe: ilipiga msimu wa kuvuna viazi, na athari yake ikafika hadi msimu wa kuandaa matuta mwanzoni mwa 1919. Wavunaji walilala mikekani. Viazi vingine viliozea ardhini, mbegu zikaliwa.

Mwanahistoria D. C. Ohadike, katika makala yake ya mwaka 1981, ndiye aliyeunganisha janga hili na kuenea kwa muhogo katika Niger ya chini. Muhogo hukubali kupandwa na mtu mmoja mnyonge. Shina lake ndilo mbegu, na shina haliliwi, kwa hiyo njaa haigusi akiba ya kupanda. Unaweza kuuacha ardhini mpaka utakapouhitaji. Wanawake, ambao tayari walikuwa wenye zao hilo, waliziokoa nyumba zao, na wakaanza kuuza ziada sokoni. Nadhani sifa hii haijatajwa vya kutosha katika masimulizi ya sikukuu za viazi, ambazo humsifu mwanamume na ghala lake. Baada ya 1918 waliolisha kijiji siku za kawaida walikuwa wanawake na mihogo yao.

Kiazi hakikuangamizwa. Kilipandishwa cheo na kuondolewa jikoni. Kadiri gari, unga wa muhogo uliokaangwa, ulivyozoeleka siku za kazi, ndivyo kiazi cha kutwanga kilivyobaki kuwa alama ya mgeni, sikukuu na mahari. Watu wa Ekiti na wa mji jirani wa Ilesa waliendelea kukila jioni kwa jioni. Kusini mwa nchi ya Waigbo, ambako ardhi ilichoka na watu kusongamana, muhogo ulishika sahani.

Vita, mafuta na mashine, 1967 hadi 1980

Vita vya Biafra, vya nchi ya Waigbo kujitenga na Nigeria, vilianza Julai 1967 na kwisha Januari 1970. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968, na wengi wa umri huo wanakumbuka picha za watoto wenye utapiamlo. Eneo lililozingirwa lilipoteza njia zake za chakula kutoka kaskazini, wanaume wakaenda vitani, na wakimbizi waliofika kwenye ghala la viazi hawakuwa na namna ila kula mbegu. Kwa kiazi, pigo hilo lilikuwa la aina ileile ya 1918, safari hii kwa makusudi ya binadamu.

Kisha yakaja mafuta ya petroli. Miaka ya 1970 vijana wa kiume walimiminika Lagos, Port Harcourt na Kaduna kutafuta mshahara. Nyumba za mjini zilikuwa chumba kimoja au viwili, na jirani wa ghorofa ya chini hakutaka kusikia kinu saa kumi na mbili jioni. Mchele na ngano kutoka ng'ambo vilikuwa rahisi kununua na rahisi kupika. Mikono haikuwa imekufa mara hii, ilikuwa imehama.

Majibu mawili yalitokea. La kwanza ni mashine. Miaka hiyo ya 1970 mhandisi Makanjuola wa Chuo Kikuu cha Ife alibuni mashine ya umeme ya kutwangia viazi, yenye visu vinavyozunguka badala ya mchi. La pili ni unga wa viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, unaojulikana madukani kama poundo, ambao hukorogwa kwenye maji ya moto kwa dakika chache. Walaji wengi wa Ekiti hawaukubali. Nao wana haki: mchi huziponda chembe za wanga na kuzishikanisha kwa namna ambayo mwiko hauwezi, na watengenezaji wengine huongeza wanga wa mazao mengine. Lakini kwa muuguzi wa zamu ya usiku aliye London au Houston, poundo ndiyo iliyokiweka kiazi kikuu mezani.

Wakati huohuo wasomi walikirudishia heshima kwa njia nyingine. Mwaka 1979 serikali ya jimbo la Imo ilianzisha mjini Owerri mihadhara ya kila mwaka juu ya utamaduni wa Waigbo, ikaipa jina la mungu wa kiazi: Ahiajoku. Profesa Michael Echeruo alitoa wa kwanza.

Mbegu upya

Leo zaidi ya asilimia 90 ya viazi vikuu vya dunia hulimwa Afrika Magharibi, na takriban theluthi mbili Nigeria peke yake. Soko la Zaki Biam katika jimbo la Benue, nchi ya Wativ, hujaa malori kwenda kila pembe ya nchi. Ghana inalima kidogo kuliko Nigeria, lakini ndiyo iliyotangulia kuuza nje. Nigeria ilipozindua usafirishaji wake Juni 2017 kwa tani 72, sehemu ya shehena iliyofika Marekani iliripotiwa kuoza. Wakulima wa enzi ya oba, waliofunga kiazi kimoja kimoja kwenye nguzo, wasingeshangaa: kiazi kikuu bado kinapumua baada ya kuvunwa, na kikifungiwa pasipo hewa hufa. Benue yenyewe imeandamwa na mapigano kati ya wafugaji na wakulima, na kila kijiji kinachokimbiwa wakati wa kupanda hupandisha bei ya msimu unaofuata.

Tatizo kongwe la mbegu limeanza kufunguka. Taasisi ya kilimo cha kitropiki ya IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, pamoja na kituo cha taifa cha mazao ya mizizi cha Umudike, zilieneza njia ya kukikata kiazi vipande vidogo vya gramu chache, kila kimoja na ganda lake, ili kiazi kimoja kizae mbegu nyingi. Mwaka 2013 IITA ikatangaza kufanikiwa kukuza viazi mbegu kwa vipando vya mitambaa huku mizizi ikining'inia hewani na kunyunyiziwa virutubisho. Kwa mara ya kwanza mbegu inaweza kupatikana bila kuondoa chakula mezani. Ikifika kwa mkulima mdogo kwa bei anayoiweza, ile theluthi anayoizika ardhini kila mwaka itabaki jikoni kwake, na kwa theluthi hiyo familia nyingi zingeweza kutwanga hata Jumanne.